Chumvi ya Ivuna, Ndizi za Bundali

Mgeni akifika Itumba akauliza chakula cha asili cha watu wa Ileje, atapewa majibu mawili, na yote ni ya kweli. Mtu wa Bundali atamwambia ndizi na maharage. Mtu wa Bulambya atamwambia ugali, na kama anayejibu ni mzee ataongeza kwamba ugali wenyewe hasa ni wa ulezi, haya mahindi yalikuja tu.

Itumba, makao makuu ya wilaya, iko karibu na mahali ambapo hizo nchi mbili zinakutana. Mashariki inapanda milima ya Bundali, yenye mvua nyingi na migomba hadi mgongoni mwa vilima. Upande wa pili inatandaza Bulambya, iliyo chini na kavu zaidi, nchi ya nafaka na karanga. Isongole iko jirani, na ukishavuka Isongole uko Malawi, kwenye barabara ya Chitipa. Wilaya iliwekwa ndani ya Mkoa wa Mbeya, kisha mwaka 2016 ikaangukia mkoa mpya wa Songwe, lakini mambo ya chunguni hayakusubiri tangazo la serikali. Wandali wapo pande zote mbili za Mto Songwe, ulio mpaka, Walambya vilevile, na ukienda magharibi kuelekea Tunduma utawakuta Wanyiha na Wanyamwanga nao wamegawanywa hivyo hivyo.

Hoja yangu ni kwamba hakuna kijiji katika nchi hii kilichowahi kujitosheleza kwa chakula chake. Kinachoitwa leo chakula cha asili kilitokana na safari: ya chumvi, ya samaki, ya wanaume waliokwenda migodini, ya malori. Basi tuanze na chumvi, maana bila hiyo mboga ya maharage ni adhabu.

Kaskazini ya Ileje, katika bonde la Ziwa Rukwa, upande ambao sasa ni Wilaya ya Momba, kuna mahali panaitwa Ivuna. Dunia ya wanasayansi inapajua kwa sababu tarehe 16 Desemba 1938 kiliangukia hapo kimondo, vipande vyake vikiwa na uzito usiofika kilo moja, na kimondo hicho kikawa cha aina adimu mno. Ni heshima, sikatai. Lakini Ivuna ilikuwa imeshajulikana mamia ya miaka kabla ya jiwe hilo, na waliokuwa wakiijua walikuja na mizigo kichwani. Pana chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale, wakakuta matabaka ya vigae vya vyungu na mabaki ya kazi ya chumvi yaliyorundikana tangu takriban karne ya 13 hadi ya 15.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Udongo wenye chumvi ulikwanguliwa karibu na chemchemi wakati wa kiangazi, ukawekwa kwenye chombo chenye matundu, ukamiminiwa maji. Maji yaliyochuruzika chini yalibeba chumvi, nayo yakachemshwa chunguni mpaka yakakauka. Chungu kilichochemsha maji hayo mara nyingi hupasuka, ndiyo maana vigae vimejaa namna ile. Chumvi iliyopatikana ilipelekwa mbali, ikabadilishwa kwa nafaka, majembe ya chuma na vitu vingine. Aliyekuwa mbali na Ivuna, au hana cha kubadilisha, alichuja majivu ya mimea fulani akatumia maji yake kutia ladha na kulainisha mboga. Ujuzi huo wa majivu bado upo pande zote mbili za mpaka, nasi tutaukuta tena mbele kwenye chakula ambacho Tunduma ilikifanya biashara kubwa.

Sasa linganisha na masimulizi. Wanyakyusa, majirani na ndugu wa Wandali, walimsimulia mwanaanthropolojia Monica Wilson katika miaka ya 1930 kwamba machifu walipoteremka kutoka Ukinga waliwakuta wenyeji wakila vibichi. Machifu ndio waliokuja na moto, ng'ombe na chuma. Kwa Walambya, utawala wa Mwaulambya, ambao mwanahistoria wa Malawi Owen Kalinga ameuchunguza na kuuweka kuanzia takriban mwaka 1600, nao ulikuwa na hadithi zake za ujio. Hadithi ya moto ni tamu kuisikiliza, ila ina walakini. Wakati ambapo watu wa Ivuna walikuwa tayari wanachemsha maji ya chumvi kwa vizazi na vizazi, ni vigumu kuamini kwamba majirani zao hawakuwa wamejua kuchoma hata boga. Kila utawala mpya hupenda kusema ndio uliowafundisha watu kupika.

Ulezi ndio uliokuwa nafaka ya zamani hizo. Katika misitu ya Unyiha, Bulambya na Unyamwanga watu walikata matawi, wakayarundika, wakayachoma kabla ya mvua, kisha wakamwaga mbegu kwenye majivu. Baada ya misimu michache shamba lilichoka, wakahamia pengine. Kilimo hiki kilikuja kulaumiwa sana na mabwana shamba wa kikoloni, lakini kilikuwa na hesabu yake: majivu ni mbolea, na moto unaua magugu ambayo mkono haungeyamaliza. Ulezi una punje ndogo sana, wadudu wa ghalani hawauwezi, nao hukaa miaka bila kuharibika. Familia yenye ghala la ulezi ilikuwa na akiba ya kweli. Ubaya wake ni kazi. Ndege wanaupenda, palizi yake inaumiza mgongo, mavuno ni ya kukata suke moja moja, na kuusaga kwenye jiwe ni shughuli ya mwanamke kuanzia alfajiri.

Ndiyo sababu pia ulezi haukulimwa kwa mikono ya nyumba moja. Ilipigwa mbiu ya kazi, majirani wakaja na majembe, na malipo yakawa pombe. Katika nyanda hizi pombe yenye heshima ni kimpumu. Ulezi unalowekwa mpaka unachipua, unaanikwa, unasagwa kuwa kimea. Unga mwingine unachachushwa na kupikwa, kisha vyote vinachanganywa na kuachwa viive. Kinachotoka ni kitu kizito, karibu uji uliokauka. Mnywaji anawekewa chunguni au kwenye chombo, maji ya moto yanamiminwa juu ya pombe hiyo, anatumbukiza mrija ambao ncha yake imezibwa kwa kichujio ili makapi yasipite, anavuta. Maji yakipungua yanaongezwa mengine ya moto. Kila mzunguko ladha inapungua kidogo, na wazee hujua kwa ladha hiyo saa ngapi mazungumzo yameshazidi. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Zambia, pombe ya ulezi ya kunywewa kwa mrija na maji ya moto ipo vilevile, huko wanaiita katubi au chipumu. Makanisa yalipokuja yaliwazuia waumini wao kunywa, na wamisionari walikuwa wameizunguka nchi hii: Wamoravian walianza Rungwe mwaka 1891, na Waskoti wa Livingstonia wakajenga Mwenzo, karibu na Tunduma ya leo, katika miaka hiyohiyo ya 1890. Kimpumu iliendelea. Nadhani ilikuwa imeshikamana mno na kazi ya shamba kuweza kung'olewa kwa mahubiri peke yake.

Milimani Bundali hesabu ilikuwa nyingine. Mgomba ukishapandwa unazaa mwaka mzima, hauhitaji ghala, na mwanamke anaweza kukata mkungu asubuhi akapika mchana. Ndizi mbichi humenywa, zikapikwa pamoja na maharage au nyama, na wenye ng'ombe wakatia maziwa. Lakini ndizi haziwekeki. Mwenye migomba alihitaji nafaka ya pombe na ya akiba, na mwenye nafaka kule chini, ukame ukimkaba, alipanda mlimani kutafuta ndizi. Kutoka Ziwa Nyasa walikuja samaki wakavu, hasa usipa, wale wadogo wanaovuliwa Kyela na Karonga pia. Ndoa zilifuata njia hizohizo za chakula, maana ni rahisi kumpeleka binti mahali ambako unajua utapata mkungu wa ndizi mwaka wa njaa.

Halafu wazungu wakachora mstari. Ulianza na barabara. Mwaka 1879 Joseph Thomson alipita katika nchi iliyo kati ya Nyasa na Tanganyika, na mhandisi James Stewart naye akaipita mwaka uleule. Miaka ya 1880 tajiri wa Glasgow, James Stevenson, akatoa fedha ijengwe njia kutoka Karonga hadi Ziwa Tanganyika. Stewart, aliyeisimamia kazi hiyo, alifariki Karonga mwaka 1883, na barabara haikukamilika kamwe kama ilivyokusudiwa, lakini jina lilitosha. Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, mpaka ulipitishwa ili Barabara ya Stevenson ibaki upande wa Waingereza: ufuate Mto Songwe kupanda juu, halafu ukate nchi kavu kuelekea magharibi. Mwaka 1898 tume ya nchi hizo mbili ikaja kuuweka alama ardhini. Kwa hiyo mstari unaotenganisha Isongole na Chitipa, Tunduma na Nakonde, ulichorwa kwa ajili ya njia ya kusafirishia mizigo ambayo haikuwahi kumalizika.

Mpaka ulikata njia za chumvi na ndizi, lakini hakuna aliyekuwa na askari wa kutosha kuusimamia. Kilichoumiza zaidi ni vita. Kati ya 1914 na 1918 majeshi ya pande zote mbili yalikula ghala za watu hawa. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu kubeba chakula cha askari, na mikono iliyobeba chakula hicho ndiyo ambayo ingelima. Novemba 1918 kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck na watu wake walipita jirani wakiifuata Fife na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakaja kuweka silaha chini Abercorn tarehe 25 mwezi ule. Kisha homa kubwa ya mafua ya mwaka uleule ikawakuta watu ambao ghala zao zilikuwa tupu.

Mahindi hayakuingia kwa mlango mmoja. Yalitoka bara la Amerika, Wareno wakayaleta pwani, misafara ikayapandisha bara, na kwa muda mrefu huku yalikuwa zao la bustani, la kuchoma au kuchemsha yakiwa mabichi. Kilichoyageuza kuwa chakula kikuu ni mishahara. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 machimbo yake yalivuta watu kutoka kila kona ya nyanda hizi. Wengine walivuka kwenda migodi ya shaba ya Kopabelti, Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakaandikishwa na Wenela, shirika la kukusanya vibarua wa migodi, kwenda Afrika Kusini mpaka serikali ya Tanganyika ilipoifunga njia hiyo baada ya Uhuru. Kote huko mfanyakazi alilishwa posho ya unga wa mahindi. Mwenye mgodi hakuwa na haja na ulezi, ambao kuusaga ni kazi na kuupata kwa wingi ni shida. Mwanamume aliyekula ugali mweupe kwa miaka alirudi nyumbani akauona wa ulezi ni mweusi, wa kizamani. Nimesikia wazee wakieleza jambo hili kwa kicheko, lakini nadhani lilikuwa ni jambo zito: nyumba nyingi zilibadili nafaka kwa sababu ya ladha iliyofundishwa kambini.

Serikali huru ikamaliza kazi. Katika miaka ya 1970 mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima, yawe yametoka Morogoro au nyuma ya milima ya Ileje, na mbolea ikauzwa kwa ruzuku. Mkulima wa mbali ambaye zamani nauli ingemla faida yote, sasa alilipwa sawa na wa karibu. Kituo cha utafiti cha Uyole, nje kidogo ya Mbeya, kikatoa mbegu za mahindi na maharage zinazofaa baridi ya huku. Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma zikaitwa mikoa minne mikuu ya chakula. Ukataji wa misitu kwa ajili ya ulezi ukarudi nyuma, na mashine ya kusaga ikamwondolea mwanamke jiwe. Mtu anayelilia ugali wa zamani afikirie kwanza mgongo wa aliyekuwa anausaga.

Kwa upande wa Tunduma mabadiliko yalikuja kwa kishindo. Rhodesia ya Kusini ya Waziri Mkuu Smith ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibanwa mafuta na njia ya kutolea shaba. Malori yakaanza kupita kwenye barabara ya vumbi, bomba la mafuta la TAZAMA likafika mwaka 1968, barabara ikawekwa lami, na ujenzi wa reli ya TAZARA ukaanza mwaka 1970. Julai 1976 reli ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tunduma, iliyokuwa kituo kidogo cha mpakani, ikawa mji wa watu wanaosubiri. Dereva anayesubiri ni lazima ale. Mama lishe wa Tunduma wakajifunza haraka kupikia Mkongo, Mzambia na Mswahili wa Pwani kwenye jiko moja: wali wa Kyela au wa bonde la Kamsamba, samaki wa Rukwa, ugali mgumu kwa mmoja na mlaini kwa mwingine. Hata baada ya kuzinduliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde mwaka 2019, jiko la kando ya foleni halijakosa wateja.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyobeba chikanda. Hiki ni chakula cha Wabemba na majirani zao wa kaskazini mwa Zambia. Kaskazini mwa Malawi wanakiita chinaka. Kinatokana na viazi vidogo vya okidi za nyikani, maua ya jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria. Viazi hukaushwa, hutwangwa, unga wake ukachanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi au maji ya majivu, vyote vikapikwa kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga bila kupumzika. Magadi ndiyo yanayoufanya ute wa okidi ugande. Kisha sufuria inafunikwa, makaa yanawekwa juu ya kifuniko ili uso wake uive, na kikipoa kinakatwa vipande kama keki. Ni kigumu kiasi, rangi ya kahawia, na aliyekionja kwa mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba ndani yake mna nyama.

Okidi za Zambia zilipopungua, wachimbaji walihamia kwetu, Ufipa na Kitulo na nyanda zote zilizo kati yake. Wenyeji wa milima ya Tanzania kwa sehemu kubwa hawakuwa walaji wake. Kwao lilikuwa zao la kuuza lisilo na shamba. Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha uchunguzi wao: viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavuka kwenda Zambia kila mwaka, na Tunduma ilikuwa lango mojawapo. Okidi hailimiki kirahisi, mbegu yake haioti bila kuvu maalumu wa udongoni, na anayechimba anachukua kiazi kile kichanga ambacho mmea ungechipua nacho mwaka unaofuata. Hofu ya okidi kutoweka ilichangia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005, hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Sioni ajabu kwamba biashara haikukoma. Sherehe ya Lusaka inataka chikanda mezani, na kijana wa mlimani anataka ada ya shule ya mdogo wake.

Ileje yenyewe ilibaki pembeni ya kelele hizo. Kwa miaka mingi barabara yake ilikuwa ya tope wakati wa masika, na ndizi za Bundali zilifika sokoni zikiwa zimepondeka. Lami ya Mpemba hadi Isongole, takriban kilomita 50, imebadilisha hesabu. Lakini kilichobadilisha zaidi kilitoka ng'ambo. Malawi ilipatwa na ugonjwa wa virusi unaodumaza migomba, uliothibitishwa huko katika miaka ya 1990. Majani ya juu yanasongamana, mgomba unadumaa, hauzai. Mashamba yakang'olewa na kuchomwa, na kufikia miaka ya 2010 nchi iliyokuwa ikila ndizi zake ikawa inazinunua kwa jirani. Mkungu uliokuwa ukibadilishwa zamani kwa kibaba cha ulezi kule bondeni sasa ulikuwa na mnunuzi mwenye lori.

Machi 2025 Malawi ikazuia bidhaa kadhaa kutoka nje, zikiwemo ndizi, mchele, tangawizi na unga wa mahindi, ili kulinda wakulima wake na fedha zake za kigeni. Wafanyabiashara wa Tanzania wakabaki na mizigo inayooza. Aprili, Waziri wa Kilimo Hussein Bashe akajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, hii ya pili kwa sababu ilikuwa imekataa ndizi za Tanzania kwa muda mrefu. Siku chache baadaye Tanzania ikalegeza ili mazungumzo yafanyike. Magazeti yaliandika habari ya malori, nayo yalikuwa sahihi. Hayakuandika habari ya mama anayevuka na beseni la ndizi asubuhi na kurudi na karanga jioni, kwa sababu yeye hajawahi kuwa na kibali cha kunyang'anywa.

Ulezi nao umeanza kurudi, kwa mlango ambao wazee hawakuutarajia. Madukani unauzwa umesagwa, umefungwa kwenye pakiti, kwa ajili ya uji wa lishe wa watoto na wa wagonjwa wa sukari, na kwa kilo unakuwa na bei kubwa kuliko sembe. Wanaoununua ni watu wa mjini, wajukuu wa wale waliorudi kutoka Lupa na Kopabelti wakisema ugali wake ni mweusi.